Kasha la Kompyuta la Mninga Juu ya Mgongo wa Chuma Chakavu: Tathmini

Kasha ninalolitathmini hapa halipatikani dukani. Ni kasha la kompyuta ya mezani lililojengwa katika karakana ya nyumbani jijini Dar es Salaam. Mwili wake ni wa mbao ya mninga na plaiwudi, na mifupa yake ya ndani imetolewa katika kasha la chuma lililokuwa limeshatupwa. Limefanya kazi kila siku katika joto la Januari na Februari na katika unyevu wa masika yaliyofuata, kwa hiyo ninalizungumzia kama mtumiaji na si kama fundi anayevutiwa na kazi ya mikono yake. Kwa msomaji mwenye haraka, hukumu yangu ni hii: njia hii inamfaa mtu mwenye keekee, msumeno na subira, anayetaka kasha linalopumua vizuri katika joto la pwani na linalokaa sebuleni bila kumwaibisha mwenye nyumba. Haimfai anayetaka kuokoa fedha, kwa sababu ukihesabu mbao, skrubu, feni, vanishi na vipande vya kukatia vinavyovunjika, bei hulifikia kasha zuri la dukani na mara nyingine hulipita.

Makasha mengi ya bei nafuu yanayouzwa mjini yametengenezwa kwa ajili ya macho. Uso wake ni kioo kizima, nyuma ya kioo zimepangwa feni zenye taa za rangi, na hewa inaachiwa mwanya mwembamba wa pembeni ambao haumtoshi hata aliyebuni kasha hilo akiwa nchi ya baridi. Katika chumba chenye nyuzi 32 za joto, kisicho na kiyoyozi, feni za namna hiyo hupiga kelele nyingi na kusogeza hewa kidogo. Hiyo ndiyo sababu pekee ya msingi ya kujijengea. Uzuri wa mbao ni nyongeza.

Nianze na mifupa, kwa kuwa hapo ndipo kazi hii hufaulu au huharibika, na ndipo wajenzi wengi wapya hawatazami. Anayesikia habari ya kasha la mbao hufikiria mbao, maungio na msasa. Kumbe sehemu ngumu ni sinia linalobeba ubao mama (motherboard, yaani bodi kuu ya kompyuta), pamoja na bati la mgongo lenye uwazi wa tundu za nyuma na nafasi za kadi. Mfumo wa ATX, yaani kiwango cha vipimo vya ubao mama na kasha kilichotolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995, uliweka vipimo ambavyo vimebaki vilevile hadi leo: ubao kamili una milimita 305 kwa 244, ule mdogo wa microATX una 244 kwa 244, na Mini-ITX, uliobuniwa na kampuni ya VIA mwaka 2001, una 170 kwa 170. Aina zote tatu zinashiriki matundu ya skrubu ya kona ya nyuma na zinatumia uwazi uleule wa mgongoni, wenye milimita 158.75 kwa 44.45. Nafasi za kadi zinaachana kwa milimita 20.32. Kutokana na uthabiti huo, kasha la ofisi lililotengenezwa wakati wa Windows XP linaweza kupokea ubao mama ulionunuliwa mwaka huu bila kuongezwa tundu hata moja.

Tazama tena zile desimali. Zinatokana na inchi, na hazimwonei huruma anayepima kwa tepu ya fundi mwashi. Sinia likikaa milimita moja juu ya mahali pake, kadi ya picha (graphics card) itaingia katika tundu lake kwa kulazimishwa, ulimi wake wa chuma utakataa kukaa kwenye bati, na uzito wa kadi utauelemea ubao mama badala ya kubebwa na mgongo. Vinguzo vya shaba vinavyouinua ubao kutoka kwenye sinia, vyenye kimo cha takriban milimita 6.5, navyo lazima viwe sawa vyote, maana ubao unaopindishwa na skrubu hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Mtu anaweza kuyatengeneza haya nyumbani kwa bati jipya, kalipa (kifaa cha kupimia hadi sehemu za milimita) na tupa, na wapo waliofanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Mimi ninaona ni kazi isiyo na faida, kwa sababu kiwanda kilishaifanya kwa mashine, na matokeo yake yamelala kwenye chuma chakavu yakisubiri kuuzwa kwa kilo.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza na la lazima ni kununua kasha la zamani, kutoboa riveti zake kwa keekee, kutoa sinia pamoja na mgongo wake kama kipande kimoja, na kuyaacha mengine yote. Kompyuta za mitumba zilizotoka Ulaya zimejaa Kariakoo, na zile zilizokufa huishia kwa wauzaji wa vyuma, wa Gerezani wakiwemo. Jijini Nairobi mtu ataanzia maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue na kumalizia kwa mafundi wa Kamukunji. Ukiwa mbele ya muuzaji, beba ubao mama wowote mbovu wa ATX au microATX na uupime palepale juu ya sinia, kwani hakuna kipimo bora kuliko hicho. Kagua kama vifuniko vya nafasi za kadi vinafungwa kwa skrubu au vilikuwa vya kuvunjwa. Vile vya kuvunjwa, vikishang'olewa, havirudi, na utabaki na mianya ya kuingiza vumbi. Bonyeza bati kwa kidole gumba katikati ya sinia, na likibonyea kama mfuniko wa kopo, liache.

Ipo aina moja ya kuepuka kabisa. Takriban mwaka 2004, Intel ilijaribu kuleta mfumo mwingine ulioitwa BTX, ambao ubao wake hukaa upande wa pili wa kasha na mpangilio wake umegeuzwa. Mfumo huo haukudumu, lakini Dell iliutumia katika kompyuta nyingi za ofisi, na kompyuta hizo zilisafiri hadi kwetu kwa wingi. Kwa nje zinavutia, maana chuma chake ni kizito na kimekunjwa vizuri, ila ubao wa kawaida haukai humo. Kompyuta nyingine za makampuni makubwa zina pawa saplai za umbo lao wenyewe, na ukiyachukua mabati yake utalazimika kukata upya sehemu ya kuifungia. Pawa saplai ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Tembea na vipimo hivyo mfukoni.

Faida nyingine ya kuuacha mgongo wa chuma ni ya usalama, na haizungumzwi inavyostahili. Kasha la dukani limeunganishwa na waya wa ardhi kupitia mwili wa pawa saplai, ambayo nayo imeunganishwa na pini ya tatu ya plagi. Umeme wetu ni wa volti 230, na pini hiyo haikuwekwa kwa urembo. Pawa saplai ikifungwa kwenye ubao mtupu, vipande vya chuma vinavyobaki ndani ya kasha huweza kukosa njia ya uhakika ya kwenda ardhini. Katika kasha hili pawa saplai imefungwa kwa skrubu zake nne kwenye mgongo uleule wa chuma unaoshika sinia, rangi ikiwa imekwanguliwa chini ya skrubu ili chuma kiguse chuma, na wavu wa chuma ulio nyuma ya uso wa mbao umepewa waya wake mwenyewe hadi kwenye sinia. Kazi hiyo ni ndogo, na kasha la mbao linaloikosa singelipokea hata kwa zawadi.

Mbao haizuii mawimbi ya redio kama chuma kinavyozuia, na kompyuta yoyote hutoa kelele za mawimbi hayo. Kwa mtumiaji wa kawaida jambo hili halina uzito, lakini mwenye redio ya masafa ya kati au vipaza sauti vya bei nafuu mezani ataweza kusikia mvumo. Bati jembamba la aluminiamu lililopigiliwa upande wa ndani wa ubavu na kuunganishwa na sinia hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni siipendekezi, kwa sababu huchanika, na kipande kinachoning'inia juu ya ubao mama ni hatari kuliko mvumo wenyewe.

Sasa mbao. Nimetumia mninga kwa uso, kingo na kifuniko cha juu, na plaiwudi ya milimita 12 kwa mbavu mbili na kitako. Mninga umepata sifa yake kwa haki: ukishakauka vizuri, hujongea kidogo sana unyevu unapopanda na kushuka, na kwa kasha la kompyuta sifa hiyo ni bora kuliko rangi yake. Fikiria hali ya ubao wa kifuniko cha juu wakati wa masika: upande wa nje unakutana na hewa iliyojaa maji, na upande wa ndani unapigwa na hewa kavu yenye joto inayotoka kwenye kadi ya picha. Ubao wa msonobari ungepinda katika hali hiyo. Mtiki unaotoka katika mashamba ya Muheza na Kilombero nao ungefaa, na ni mwepesi kupatikana katika vipande vilivyonyooka. Mvule ni mzuri pia, ila unga wake huwasha ngozi na kifua kwa watu wengi. Hata unga wa mninga unasumbua pua na mapafu, kwa hiyo barakoa ya kweli, wala si kitambaa kilichofungwa usoni, ni kifaa cha lazima kama msumeno.

Mninga mzima kwa kasha lote ungekuwa ufujaji, na kasha lingekuwa zito bila sababu. Masalia yanayobaki katika karakana za samani za Keko yanatosha kwa kazi hii, mradi uchague ya moyo wa mti. Sehemu nyeupe ya nje inaliwa na wadudu watobozi, nayo ikiachwa pembeni kwa ajili ya kupendezesha mistari ya rangi, baada ya muda utaanza kuona unga laini chini ya meza. Plaiwudi nayo iwe ile yenye tabaka zilizobanana bila mapengo katikati, jambo linaloonekana kwa kutazama ukingo uliokatwa. MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, siitaki hapa. Ni rahisi kukata na uso wake ni laini, lakini hunywa maji kingoni na kuvimba, na skrubu ikifunguliwa na kufungwa mara kadhaa hukosa mshiko.

Unene wa mbao una mtego wake upande wa nyuma. Bati la mgongo likifunikwa na ubao wa milimita 18, plagi za skrini na za USB hazitafika katika tundu zake, kwa kuwa mpira wake utagonga ukingo wa mbao kwanza. Suluhisho ni kuacha mgongo wote wa chuma wazi, ukiwa umekaa usawa mmoja na kingo za mbao au ukichomoza kidogo. Kwa nyuma, basi, kasha hili linafanana na kompyuta ya ofisi, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kuhusu skrubu, kanuni ni fupi: chochote kinachobeba kielektroniki kifungwe kwenye chuma, na mbao ibebe chuma. Vinguzo na kadi hutumia skrubu za inchi zenye nyuzi pana zinazojulikana kama 6-32, wakati diski za SSD za inchi 2.5 hutumia M3 zenye nyuzi nyembamba, na kuzichanganya huharibu nyuzi za tundu. Pale sinia linapokutana na mbao, matundu ya chuma yametanuliwa kuwa marefu kidogo upande mmoja, na skrubu zina washa pana, ili mbao ijongee bila kuvuta chuma.

Kwa upande wa zana, yafuatayo ni maoni ya mtu asiye na karakana kubwa. Keekee ya kawaida na jigso yenye vipande vya kukatia mbao na vya kukatia chuma zilifanya sehemu kubwa ya kazi. Grenda ni ya haraka kwenye bati lakini inaacha makali na cheche, na haina adabu kwenye pembe za ndani, kwa hiyo nimeiona inafaa kukata vipande vikubwa visivyotakiwa tu, na tupa kumalizia. Kwa matundu ya feni, msumeno wa duara wa milimita 114 unaofungwa kwenye keekee unatoa uwazi unaotosha feni ya milimita 120, ambayo skrubu zake zinaachana kwa milimita 105. Feni ya milimita 140, yenye skrubu zinazoachana kwa milimita 124.5, ilikatiwa kwa jigso. Zana iliyostahili fedha yake kuliko zote ni kalipa ya kidijitali ya bei ndogo. Iliyonikatisha tamaa ni seti ya vitoboleo isiyo na jina, iliyopoteza makali kwenye bati laini kabla sinia halijamalizika. Kitoboleo kimoja kizuri kinashinda boksi zima la namna hiyo. Ukataji wote wa chuma ufanyike na kusafishwa kabla kifaa chochote cha umeme hakijaingia chumbani, kwani ukwangu mmoja wa bati chini ya ubao mama unatosha kusababisha shoti ya umeme.

Nimeulizwa kwa nini sikuchapisha sehemu ngumu kwa plastiki, kwa kuwa mashine za kuchapia vitu vya plastiki (3D) sasa zinapatikana mjini. Plastiki ya PLA, inayotumika zaidi, huanza kulegea karibu na nyuzi 60, na hewa iliyo karibu na kadi ya picha inayofanya kazi ngumu katika chumba chenye joto haiko mbali na hapo. Kwa vishikio vya nyaya sawa, kwa kubeba uzito hapana.

Nimekataa pia kutumia waya bapa wa kurefusha tundu la kadi ya picha, ule unaowezesha kadi kusimama wima ili ionekane. Waya wa kizazi cha zamani ukikutana na kadi ya PCIe 4.0, kizazi cha nne cha njia inayounganisha kadi na ubao mama, huweza kuleta skrini nyeusi hadi uingie kwenye mipangilio ya ubao mama na kushusha kasi. Isitoshe, mwaka 2021 kampuni ya NZXT ilirudisha makasha yake ya H1 kutoka sokoni kwa sababu skrubu za kufungia kipande cha aina hiyo ziliweza kusababisha hitilafu ya umeme na moto. Kama kiwanda chenye wahandisi kiliteleza hapo, na kasha lake ni la chuma, mimi mwenye kasha la mbao ninaiacha kadi ikae mahali ATX ilipoipangia.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni hewa. Wengi huogopa kwamba mbao itahifadhi joto, na kweli chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao. Lakini kasha halipozwi kwa kuta zake. Linapozwa kwa hewa inayopita ndani. Kompyuta inayotumia wati 400, ikipitishiwa mita za ujazo 0.04 za hewa kila sekunde, itaipasha hewa hiyo kwa nyuzi 8 au 9, iwe kuta ni za chuma, mbao au karatasi. Ikiingia na nyuzi 32, itatoka na nyuzi 41 hivi, na prosesa za leo, ambazo nyingi hujilinda zinapofika nyuzi 95 au 100, zina nafasi ya kutosha. Ukipunguza hewa hiyo nusu kwa kuweka kioo usoni, ongezeko linakuwa mara mbili. Hesabu hii ndogo ndiyo iliyoamua umbo la kasha zima.

Uso wake ni vipande vyembamba vya mninga vilivyosimama wima, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 8 na mwanya wa milimita 6 kati yake na jirani yake, hivyo zaidi ya asilimia 40 ya uso ni wazi. Sidai kwamba wazo hili ni langu. Fractal Design ya Sweden ilitoa kasha la North mwaka 2022 likiwa na uso wa vipande vya walnut au mwaloni na wavu nyuma yake, na ndilo lililowaonyesha watu wengi kwamba mbao na hewa vinaweza kukaa pamoja. Nikiyalinganisha, North imenyooka kuliko langu, milango yake inafungwa kwa mlio mmoja, na nyaya zake zina njia zilizofikiriwa. Langu lina vipande vinene zaidi ambavyo havitikisiki vikiguswa, na kina ambacho nimekichagua mwenyewe kulingana na kadi yangu. Nyuma ya vipande hivyo zimekaa feni mbili za milimita 140 zinazovuta hewa ndani, na moja ya milimita 120 mgongoni inayoitoa.

Uwiano huo, wa kuingiza hewa nyingi kuliko inayotolewa, ni wa makusudi. Kasha lenye msukumo wa ndani hutoa hewa kupitia kila mwanya, na vumbi linalazimika kupita mlango mmoja wenye chujio. Kinyume chake, kasha linalonyonya kupitia nyufa zake hukusanya vumbi jekundu kila mahali, na anayeishi kando ya barabara isiyo na lami anajua maana yake. Chujio ndilo limenipa kazi ya majaribio. Wavu wa chandarua hauna msaada mkubwa, kwani matundu yake hupita milimita moja; unazuia nyuzi za nguo na mende, vumbi linapita. Soksi ndefu za nailoni za kike, zilizovutwa juu ya fremu ya plaiwudi, zinachuja vizuri sana lakini zikijaa hubana hewa, kwa hiyo lazima fremu itoke kwa urahisi na kuoshwa. Fremu hiyo inashikwa na sumaku nne ndogo, na inatoka kwa mkono mmoja bila bisibisi. Kama ningetakiwa kutaja jambo moja ambalo watengenezaji wa makasha ya bei nafuu wangeiga kutoka katika karakana za nyumbani, ningetaja hilo.

Kelele ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Mbao nene haitetemi kama bati, na ule mlio mwembamba wa diski kubwa ya zamani umekuwa mnong'ono. Feni zimekaa juu ya vipande vya mpira, na plaiwudi haizipi mahali pa kupigia ngoma. Dirisha la ubavuni sikuweka. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatiki tena baada ya kutoka kiwandani, kwa hiyo ukikitaka lazima uagize kwa vipimo kamili, na ndani ya kasha langu hakuna cha kutazama.

Swichi ya kuwashia inastahili tahadhari fupi. Ubao mama unahitaji swichi inayogusisha na kuachia papo hapo, isiyobaki imebonyea. Swichi ya kubaki huiwasha kompyuta kisha, baada ya sekunde nne hivi, huizima kwa nguvu, na mtu anaweza kuhangaika siku nzima akidhani pawa saplai ni mbovu. Waya zake mbili hazichagui upande, lakini za taa huchagua. Tundu za USB za mbele zilitolewa katika kasha lilelile la zamani, nazo ni udhaifu wa kasha hili: ni za kizazi cha pili, ni za polepole, na zimekaa chini kidogo kuliko mkono unavyopenda. Waya wa USB ya kizazi cha tatu wenye pini 19 ni mgumu na mnene, na unataka nafasi ya kukunjika ambayo mpangilio huu haukuiacha.

Umaliziaji ulihitaji subira kuliko ujenzi. Vanishi yenye mafuta hutoa harufu kwa muda mrefu, na kuifungia kompyuta ndani ya harufu hiyo ni kuwaadhibu watu wa nyumbani, kwa hiyo kasha lilikaa wazi hadi harufu ilipokwisha kabisa. Paka pande zote mbili za kila ubao kwa tabaka sawa, la ndani lisipunguzwe kwa sababu halionekani, maana ubao uliofungwa upande mmoja tu hupinda. Kwa anayependelea mafuta ya kitani, ambayo kwenye mninga yanatoa rangi nzuri kuliko vanishi yoyote, aelewe kwamba matambara yaliyolowa mafuta hayo na kurundikwa pembeni hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandazwe nje yakauke, au yatumbukizwe majini.

Kuhusu matengenezo, ubavu mmoja unafunguka wote kwa skrubu mbili za kuzungusha kwa vidole, na ubao mama unafikika bila kugusa sehemu nyingine. Kulibeba ni suala jingine. Halina mshiko, kona zake za mninga haziponi zikigongwa mlangoni, na mtu anayepeleka kompyuta yake kwenye mashindano ya michezo kila mwisho wa wiki ataliona ni mzigo. Kasha jepesi la aluminiamu litamfaa zaidi.

Kwa asiye na zana lakini anayelitamani kasha la namna hii, ninashauri agawe kazi. Aliandae sinia na mgongo mwenyewe, kwa sababu mafundi wengi wa samani hawajui ubao mama unakaa vipi wala kwa nini milimita moja ina maana, kisha ampelekee fundi seremala kipande hicho cha chuma chenyewe, sio mchoro, na amwambie kijengewe sanduku la kukizunguka. Fundi mzuri akikishika chuma mkononi hupima mwenyewe na kukata sawasawa. Akabidhiwe pia feni moja ya kila ukubwa, aelezwe kwamba mgongo haufunikwi na kwamba gundi haiwekwi mahali patakapofunguliwa, na malipo ya mwisho yasubiri hadi kadi ya picha iingie katika nafasi yake bila kusukumwa.